Meli Ambazo Hazijafika

Mpima alikuwa na saa moja shingoni na kaka mmoja aliyeendesha winchi katika bandari ya umma. Wizara ilimtuma ailinganishe na bandari binafsi iliyo ng'ambo ya ukuta: ipi inamaliza kuipakua meli mapema? Ya umma ikishindwa, wafanyakazi wake wangepewa mkono wa kwaheri. Undugu aliutaja kwenye fomu. Fomu haikusomwa.

Kwa kanuni, saa ilianza kamba ya kwanza ikifungwa gatini. Ya umma ilitumia saa arobaini kwa meli moja, ya binafsi kumi na nane. Mpima aliingiwa na hofu. Kaka yake alikuwa na watoto wanne, na zaidi ya winchi hakujua kazi nyingine.

"Mdogo wangu," kaka alimwambia wakati wa chakula cha mchana, "wewe unatazama gati tu. Hebu inua macho."

Akainua. Huko nje meli saba zilikuwa zimetia nanga, zote za bandari jirani, ile ya binafsi, zikisubiri winchi iwe tayari ndipo ziitwe. Ni kama kumwacha mgeni mlangoni tangu asubuhi, kisha ujisifu kwamba alipoketi tu ulimpakulia.

Akamwendea meneja wa jirani. "Na zile meli?"

"Zile hazijafika."

"Mbona zimetia nanga?"

"Zimetia nanga, ndiyo. Lakini hazijafika."

Mpima akaanza upya, akihesabu tangu nanga. Wiki tatu juani. Ya umma: saa arobaini na sita. Ya binafsi: mia moja na kumi. Akaandika ripoti bila kumpendelea mtu, na wizara ikaikubali yote. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi uliofuata kaka alikuja kwa Mpima, dada yake, na bahasha yenye barua mbili. Ya kwanza ilimpongeza kwa ufanisi. Ya pili ilieleza kwamba kizuri chajiuza: kwa sifa hizo bandari ya umma imepata mnunuzi, yule yule jirani, naye ana waendesha winchi wake.

"Kaka, nimekuponza."

"Umepima vizuri. Wangeniachisha hata hivyo, tena bila pongezi." Akaisoma ile ya kwanza kwa sauti mpaka kwenye muhuri. "Miaka ishirini na mbili naisubiri hii. Nitaitundika sebuleni."

Akaisukuma ile ya pili mezani.

"Hiyo mpelekee wifi yako wewe. Mimi siwezi."