Rangi ya Maji ya Kunde

Kasuku walikuwa watano, na wote walikuwa kasuku mmoja. Walitua kwenye skrini tano zilizopangwa ukutani dukani kwa Zuhair, pale Mlaleo, kila mmoja akimkodolea Tsofa jicho moja, kama mahakimu waliokwisha kukubaliana hukumu na sasa wanangojea chai.

"Haya, mwanangu, chagua," alisema Bi Ruwaida. "Mimi kazi yangu ni kufungua mkoba. Mato ni yako."

Bi Ruwaida hakuwahi katika maisha yake kusema macho. Alisema mato, kama mamake na bibi yake, na alipoyataja mato ya Tsofa aliyataja kwa fahari, kama mtu anayewaonyesha wageni mnazi wake uliozaa vizuri.

Zuhair, mwenye duka, alikwishaanza khutba. "Hii ya kwanza ni 4K, nukta zake nyingi mpaka kope za kasuku wazihesabu. Ile ya mwisho ni ya vijana wa michezo, ina mbio, lakini rangi zake zimejipodoa kupita kiasi. Hii ya katikati, Bi Ruwaida, hii ndiyo bibi harusi. 4K, na rangi zake zimepimwa kiwandani. Cheti kimo ndani ya boksi."

"Cheti!" Bi Ruwaida aligeuka. "Tsofa, wasikia? Skrini imesoma kutushinda."

Tsofa alicheka pale palipopasa kucheka. Kwa ukali wa picha hakuwa na shida. Aliona kila unyoya, aliona hata punje ya vumbi juu ya mdomo wa ndege. Lakini kasuku na majani aliyoyakalia, mbele ya macho yake, walikuwa ndugu wa tumbo moja, wamevaa nguo za fundi mmoja. Zuhair alisema ndege ni mwekundu. Tsofa alikuwa mtu wa imani, aliamini.

Siri hiyo aliigundua katika bweni la shule ya sekondari, asubuhi moja alipotoka na soksi moja nyekundu na moja ya kijani. Bweni zima lilianguka kwa kicheko. Badala ya kuuliza kuna nini, Tsofa aliinua suruali hadi magotini, akapita kati ya vitanda kama jemadari anayekagua gwaride. Tangu siku hiyo akawa mcheshi rasmi wa shule. Alipochora ramani ya Kenya yenye maziwa ya rangi ya zambarau, mwalimu alimchapa kwa utundu. Viboko vya utundu aliviona nafuu. Vilipona kabla ya chakula cha jioni.

Ucheshi huo ulimfikisha salama mpaka Frere Town, kwenye studio ya Bi Ruwaida ya kupiga na kuchapa picha, karibu na Kengeleni. Keki ya rangi ya ajabu kwenye kadi ya harusi? "Tsofa na mambo yake!" Watu wakacheka, yeye akarekebisha kwa kuangalia majina ya rangi yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Aliyakariri yote, kama mtoto wa madrasa asiyejua maana lakini anayejua sura nzima.

Kisha akafa Mzee Nyale.

Binti yake, Kahaso, muuza pilipili wa soko la Kongowea, alileta picha ya zamani iliyofifia ikawa nyekundu-nyekundu. Alitaka bango kubwa la kutundika matangani. Tsofa aliisogeza rangi upande huu, akaisogeza tena, mpaka kwake uso ukapendeza. Bi Ruwaida alikuwa mbele na wateja. Bango lilichapwa, likakunjwa, likapelekwa moja kwa moja msibani. Lilipofunguliwa mbele ya waombolezaji, Mzee Nyale alikuwa wa kijani. Si kijani kidogo. Kijani cha mamba anayeota jua. Mtoto mmoja alicheka, na kicheko msibani ni kama moto kwenye makuti. Kahaso alilivua bango kwa mikono yake mwenyewe, mbele za watu.

"Skrini imezeeka, Mama," Tsofa alimwambia Bi Ruwaida siku ile. "Inadanganya rangi."

Ilikuwa sentensi fupi. Bi Ruwaida aliipokea, akaenda nayo nyumbani, na aliporudi alikuwa ameiahirisha safari yake ya umra ili anunue skrini mpya. "Makka haihami," alisema. "Lakini uso wa mzee wa watu siuwachi vile."

Na sasa alikuwa akichomoa mkobani leso yake ya wekundu uliokolea. "Zuhair, niwekee rangi ya damu ya mzee kwenye hizo zote." Zuhair akabonyeza, kasuku wakatoweka, skrini zikajaa rangi tupu. Bi Ruwaida akainyoosha leso kando yake. "Tsofa, ipi yafanana na hini?"

Tsofa aliona giza mara tano. Akanyoosha kidole kwenye skrini ya mwisho.

Zuhair alipiga kofi mezani. "Ile ya kujipodoa! Wallahi, Bi Ruwaida, kijana wako ana vituko!"

"Ndivyo alivyo huyu," alisema Bi Ruwaida huku akipangusa chozi la kicheko. "Haya, Tsofa, mzaha basi."

Tsofa alimtazama Zuhair badala ya skrini, akaona jicho lake limekaa wapi, akaelekeza kidole katikati.

"Hapo sasa!" walisema wote wawili.

Ndani ya tuktuk Bi Ruwaida aliipakata skrini kama mtoto mchanga, na kila walipopita shimo aliifunika kwa kiganja. "Polepole, baba," alimwambia dereva. "Huyu ana cheti." Tsofa alikaa kando yake akitafuta mzaha wowote, hata uwe mfupi vipi, wa kujificha ndani. Mizaha yote ilikuwa imeshuka njiani.

Kahaso alikuwa akiwangoja studio, kikapu cha pilipili miguuni. Walipoingia alisimama, akamsalimu Bi Ruwaida kwa heshima, kisha akamgeukia Tsofa.

"Naambiwa chombo kimepatikana."

"Kimepatikana, dada."

"Kuvunja matanga ni Jumamosi. Ndugu zetu wote watarudi. Nataka wamwone baba, si mamba." Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Skrini ya zamani iliondolewa mezani na kuwekwa sakafuni, uso ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mpya ikapanda. Bi Ruwaida akaiwasha mwenyewe kwa kidole cha mkono wa kulia, akasoma bismillahi. "Fungua lile lile bango, Tsofa. Lirekebishe, sasa wamwona mzee alivyo kweli."

Tsofa alifungua, akaisogeza rangi mpaka kwake uso ukapendeza, akawapisha waone.

Kahaso alisogea karibu.

"Bado kijani," alisema Kahaso.

"Hebu." Bi Ruwaida aliinama, akavaa miwani, akaivua. "Kijani tupu! Hata hii nayo? Ina cheti! Zuhair huyu, nilimbeba mimi alipozaliwa, leo aniuzia gunzi nikidhani hindi!" Alikwishaishika simu. "Ngoja nimpe yake. Na mamake nimpe yake. Mtaa mzima wa Mlaleo utajua leo kwamba ni mwizi."

Tsofa aliisikia simu ikilia upande wa pili. Akilini alimwona Zuhair akiichukua kwa furaha. Alimwona mamake Zuhair. Aliiona ile skrini kuukuu sakafuni, iliyohukumiwa bila kuulizwa, na hii mpya ambayo haijamaliza hata robo saa kazini na tayari ni shahidi wa uongo.

"Mama, kata simu."

"Nini?"

"Kata simu. Si skrini. Hii wala ile." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni mato yangu."

Bi Ruwaida alimtazama. Kisha, polepole, mabega yake yakaanza kutikisika. "Tsofa! Mbele ya mfiwa? Mzaha una pake, mwanangu!"

"Sifanyi mzaha."

"Huyu huyu asemaye hafanyi mzaha ndiye aliyetuchekesha dukani sasa hivi." Aliitoa leso. "Hini ni rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Waona! Wajua!"

"Uliitaja wewe, Mama, dukani. Mimi hukariri. Nakariri tangu shule." 

Bi Ruwaida alifungua kinywa kucheka tena, lakini Kahaso alikuwa ameinama juu ya kikapu. Alitoa pilipili mbili za ukubwa mmoja, akazilaza juu ya meza, kando ya kipanya.

"Kaka," alisema, "iliyoiva ni ipi?"

Tsofa alizitazama. Alizigusa, zote mbili zilikuwa ngumu, laini juu, na hazikumwambia kitu. Angeweza kuutazama uso wa Kahaso kama alivyoutazama uso wa Zuhair. Aliyashusha macho, akachagua moja.

Kahaso akamsogezea ile nyingine. Hakuna aliyecheka.

Bi Ruwaida aliketi kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia picha za paspoti, na nyuma yake kitambaa cheupe. Leso ilikuwa mapajani mwake. Simu ilikatika yenyewe, ikalia tena. Zuhair alikuwa anapiga. Hakuipokea.

"Umra yangu, Tsofa," alisema hatimaye. Alisema hivyo tu.

"Najua, Mama."

Kahaso alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa Tsofa, karibu sana hata harufu ya pilipili ikamwasha pua. Aliutazama uso wa babake, uso mkubwa wa kijani uliojaa skrini, kila mkunjo dhahiri, hata kovu la kidevuni.

"Baba alikuwa maji ya kunde," alisema. "Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza madereva wa matrela wakirudi nyuma, kule Changamwe. Dereva haoni nyuma, yeye ndiye jicho lake. Unaijua kazi hiyo?"

"Nimeiona."

"Basi shika usukani."

Tsofa alishika kipanya.

"Njoo," alisema Kahaso. "Njoo. Njoo. Umepita, rudi. Njoo pole."

Nyuma yao Bi Ruwaida aliinuka. Tsofa alimsikia akivuta kitu sakafuni, akikigeuza kwa shida, na kisha sauti ndogo ya kitambaa kikipangusa kioo, duara kwa duara. Hakuthubutu kugeuka.

"Njoo," alisema Kahaso, mkono wake umeinuliwa hewani, kiganja wazi. "Njoo kidogo. Kidogo tu..."