Ng'ambo ya Ziwa la Tamaraki

Jumamosi moja ya Oktoba, Goretti alipakua maharagwe na ndizi za kukaanga kwenye bakuli la plastiki, akavaa koti lake zito, na binti yake Gentille akawasha gari. Walitoka Frogtown, mtaa wao huko Amerika, kwenda kuona tamaraki, miti ya jamii ya msonobari inayogeuka manjano kila vuli na kupukutisha sindano zake. Wenzake kanisani walikuwa wameisifu mno.

Waliegesha gari, wakashika njia ya miguu. Njia ilianza tambarare, kama nchi ile yote. Baada ya daraja la mbao ikaanza kupanda, ikapanda hadi masikio yakaziba. Wazungu wawili wazee waliokuwa wakishuka waliwaonya kwamba huko juu kuna utelezi. Goretti alishukuru. Alikulia milimani, juu ya Bukavu, na magoti yake yalifurahia mwinuko.

Kileleni palikuwa na ziwa dogo. Upande huu tamaraki zilisimama zikimeta. Upande wa pili palikuwa na migomba, na katikati ya migomba nyumba ya Goretti, ile aliyoikimbia wakati wa vita, Gentille akiwa mgongoni.

"Ndiyo ile," alisema. "Ulizaliwa katika chumba chenye dirisha lile."

Gentille aliitazama sana, kisha akajibu kwa Kiingereza kwamba alidhani ni kubwa zaidi.

Mlangoni aliketi Bagalwa, mdogo wa marehemu mumewe Goretti, akimenya mihogo. Ndiye aliyehamia humo kabla majivu ya jikoni hayajapoa. Alipowaona alivua kofia.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri, baridi tu. Mlango umeupaka rangi?"

"Kijani. Mchwa walikuwa wanaumaliza."

"Umefanya vizuri. Na nyumba yangu utanirudishia lini?"

Bagalwa alijikuna shingo. "Bon, shemeji. Watoto wamezoea. Na wewe uko Amerika."

"Kuwa Amerika si kuwa kaburini."

"Ni kweli," alisema Bagalwa, akachukua muhogo mwingine.

Gentille alivua viatu akaingia majini. Maji yalimfika kiunoni, lakini ng'ambo ilibaki mbali vilevile. Akasimama hapo akitetemeka, akapaza sauti kwa Kiswahili:

"Baba mdogo, hiyo nyumba ni ya mama!"

"Sikia anavyosema vizuri!" Bagalwa alifurahi kwa dhati. "Hongera, shemeji, umemlea." Akabeba mihogo yake, akawatakia safari njema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Goretti alimfunika binti yake koti. Walikula wakiwa wameegemeana, jua likiwapiga usoni, moshi wa jikoni kwake ukipanda taratibu juu ya migomba. Goretti alijisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizopita.

Waliposhuka walikutana na vijana wenye mbwa, waliouliza kama huko juu panafaa kutazamwa.

"Pazuri sana," Goretti aliwaambia. "Hasa ng'ambo. Nyumba mtakayoiona ni yangu."

Vijana walishukuru, wakaendelea kupanda.