Magunzi Mekundu ya Magamba

Gunzi la kwanza lilipotoka jekundu, Alois, mtafiti wa mbegu, aliligeuza mkononi. Aliliweka pembeni mwa turubai, akachukua hindi jingine la kitalu kile kile, akalipukuchua kwa kidole gumba mpaka likabaki tupu mkononi. Jeupe. Akamshukuru Mola kimoyomoyo. La tatu likatoka jekundu kama tofali lililochomwa.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, siku ya mavuno, uani kwa Marsela, mjane aliyekubali shamba lake la Magamba litumiwe kwa majaribio ya mbegu za mahindi. Aina tano zilipandwa humo, kila aina katika vitalu vitatu, na vitalu vyote vilipangwa kwa kura ili udongo mzuri usipendelee aina yoyote. Mahindi hayo hayo yalipandwa pia Kibaoni, kwenye joto la Mpimbwe, na Mishamo, kwenye ardhi ya msitu uliofyekwa. Kanuni ilikuwa moja, nayo haikuwa na huruma: mbegu mpya haipitishwi mpaka ithibitike katika mazingira matatu, misimu miwili. Huu ulikuwa msimu wa pili.

Namba Nne ilikuwa mbegu ya Alois. Kwa miaka kumi na mmoja aliichavusha kwa mkono wake, akaichagua, akaitupa iliyokuwa dhaifu, akaihifadhi iliyovumilia ukame. Kibaoni ilishinda. Mishamo ilishinda. Asubuhi ile mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti ya ghala ilikuwa imekwisha kusema kwamba na Magamba imeshinda. Jopo la wapitisha mbegu lilikuwa njiani, lingefika baada ya adhuhuri. Na mwisho wa mwezi Alois angestaafu. Kama mbegu isipopita leo, isingepita mikononi mwake.

Nayo Namba Nne ina gunzi jeupe. Gunzi jekundu ni la Namba Moja, mbegu ya zamani ijulikanayo na kila nyumba ya Mpanda, iliyopandwa humo kwa ajili ya kulinganisha tu.

"Labda ni chavua, mzee," alisema Sikujua, afisa ugani wa kata, akijaribu kutabasamu. "Upepo umeleta chavua ya jirani."

"Chavua hugusa punje, Sikujua. Gunzi ni la mama. Ukiona gunzi jekundu, ujue shina lenyewe lilikuwa jingine." Alois alipiga magoti kwenye turubai. "Vunjeni yote. Kila hindi la Namba Nne, vitalu vyote vitatu. Wekeni mekundu huku, meupe kule."

Wakavunja. Pontien, mlinzi wa shamba, kijana kutoka Katumba, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, alivunja kwa goti. Sikujua alivunja kwa mikono miwili, uso ukiwa umekauka. Marsela alivunja polepole, kila moja akilitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. Uani hapakusikika kitu ila mlio wa magunzi yakikatika. Kitalu cha kwanza: mahindi arobaini ya mistari ya kati, ambayo ndiyo huvunwa na kupimwa, mekundu kumi na manne. Cha pili: kumi na saba. Cha tatu: kumi na matano.

Alois alisimama.

"Nani aliingia shambani?"

Sikujua hakusubiri. "Anayelala shambani ni mmoja tu. Tunampa mtu kibanda, tunampa tochi, halafu anachuma mahindi ya watu, anarudishia ya kwingine. Nyie wa Katumba tunawajua."

"Mnatujua?" Pontien aliweka chini hindi alilolishika. "Mimi nimefukuza nyani hapa miezi mitatu, bibi. Leo nyani ndiyo mimi?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza, umehukumu. Babangu alizaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, kitambulisho ninacho mfukoni. Lakini kikipotea kitu, macho yote Katumba! Mzee, nipekue. Nyumba ipo, twende sasa hivi. Ukikuta punje moja ya Namba Nne, niite jina lolote unalotaka."

Alois alimtazama. Shuku ilikuwa njia nyepesi, nayo ilikuwa imefunguliwa mbele yake kama mlango. Kama Pontien ameiba, basi Namba Nne haina kosa. Alois ataandika wizi, na jopo litamhurumia. Alifumbua kinywa.

"Mwacheni huyo," alisema Marsela.

Wote wakageuka. Mjane alikuwa bado amekaa juu ya kinu alichokilaza, mikono imejaa maganda ya mahindi.

"Ni mimi. Na sikuiba. Nilipunguzia kama mlivyoniambia. Mbegu mbili kila shimo, mche mmoja ubaki. Siku ile mvua ilikuwa imetoka kukatika, ardhi laini. Miche ya Namba Moja ilikuwa na afya kuliko yote, nikaing'oa na udongo wake, nikawa nayo kwenye beseni. Nikafika kwa Namba Nne, nikakuta mapengo. Mengi, mzee. Sasa mimi nifanyeje? Mkwe wangu alinifunza siku ya kwanza niliyoingia shamba hili: mche ulio hai hautupwi wakati pengo linakutazama. Ukiutupa, umemtupia Mungu riziki yake usoni. Nikapandikiza."

"Mama!" Sauti ya Alois ilipasuka. "Hili ni shamba la majaribio!"

"Najua ni la majaribio. Mlinikataza mbolea, sikuweka. Mlinikataza samadi, nikaiacha nyuma ya zizi inaota majani. Mlinikataza hata hindi la kuchoma, wajukuu wangu wakalia hapa hapa nikawapiga. Kupandikiza hamkunikataza."

Ni kweli, hawakumkataza. Katika vituo vya utafiti hakuna amkatazaye mwenziwe jambo hilo, kwa kuwa kila mmoja hulijua tangu siku ya kwanza ya masomo: pengo huachwa pengo, kwa sababu pengo nalo ni jawabu. Lakini Marsela hakusoma huko. Alisoma kwa mkwewe, na somo lake alilishika vizuri kuliko wengi walioshika vyeti.

Ndipo Alois alipokumbuka karatasi za kumbukumbu za shamba. Aliifungua bahasha yake, akapekua mpaka akafika kwenye safu ya uotaji, pale ambapo afisa hupaswa kuandika, siku ya kumi na nne, idadi ya mashimo yaliyoota. Magamba, Namba Nne: mashimo themanini, yameota themanini. Vitalu vyote vitatu vile vile.

"Sikujua. Siku ya kumi na nne ulihesabu hapa?"

Sikujua alitazama chini. "Mto ulikuwa umefurika, mzee. Pikipiki isingepita. Nilikuja siku ya ishirini na tano. Nikakuta kumejaa, nikaandika nilichokiona."

"Na tarehe?"

Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku ya kumi na nne. Jua lilikuwa limepanda. Kivuli cha mizani kilikuwa kimejikunja chini yake.

Kisha Sikujua akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia. "Mzee wangu, nakuomba. Uzito tumeshapima. Tupukuchue yote, magunzi Mama apikie. Punje zote ni nyeupe. Jopo linatazama kilo, halitazami kuni. Hii mbegu ni nzuri, wewe unajua ni nzuri. Kibaoni watu wanaisubiri. Kosa la beseni moja ndilo liue miaka kumi na mmoja?"

Alois hakumkemea, kwa sababu maneno yale yalikuwa yamekwisha kupita moyoni mwake kabla hayajafika masikioni. Aliyaona mahindi ya Kibaoni yakisimama kijani jua likiwaka. Aliiona sahihi ya jopo. Mkono wake, pasipo kuamriwa, ulikuwa umekwisha kuokota gunzi jekundu na kulielekeza jikoni. Mwenye kupunja mizani hupunja kwanza nafsi yake, na hapo ndipo penye hasara isiyopimika. Alilirudisha gunzi juu ya turubai.

"Mama Marsela," alisema, "yale mapengo. Yalitokana na nini? Ndege? Panya?"

"Hakuna ndege. Nilifukua. Maji yalisimama shambani siku tano, huu udongo wetu haunywi haraka. Zile nyingine zilivumilia. Hii yako ilioza chini, ukiibinya inatoka uji." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Sikutaka kukwambia. Ulikuwa unaisifu kama mtoto."

Maneno hayo yalimpiga pigo lililo zito kuliko magunzi. Kumbe jambo halikuwa takwimu zilizopotea. Takwimu zilikuwepo, nazo zilikuwa dhidi yake: mbegu iliyozaliwa kuvumilia kiu haikujua kuvumilia maji. Mtu wa Magamba angeinunua kwa imani, angeipanda Novemba, na kufikia Januari angesimama mbele ya mapengo na watoto nyuma yake, pasipo beseni la miche ya kuyazibia.

Gari la jopo lilifika saa nane. Aliyeliongoza alikuwa Immaculata, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Alois. Alimsalimia kwa kupiga goti kidogo, kisha akanyoosha mkono kupokea karatasi.

"Shikamoo, mwalimu. Tumesikia Magamba nako mmefanya maajabu."

"Marahaba, mwanangu. Hatukufanya." Akampa karatasi aliyoiandika upya, na ile ya zamani chini yake. "Soma zote mbili. Kisha tazama turubai."

Alisoma akiwa amesimama. Sikujua alisimama kando, na alipoulizwa tarehe, alisema kweli yote kwa sentensi moja, machozi yakimlenga. Alois alimgeukia Pontien mbele ya wageni wote.

"Nilikaribia kukuita mwizi. Nisamehe."

"Ulikaribia, mzee," alijibu Pontien. "Hukufika."

Immaculata aliikunja karatasi. "Mwalimu, kwa kanuni, mazingira mawili hayatoshi. Haiwezi kupita. Itabidi itafutiwe mahali pa tatu kuanzia msimu ujao, pakavu, na mtu mwingine aisimamie."

"Najua. Kanuni hiyo nilikufundisha mimi."

"Na idadi ya mapengo? Umeandika makadirio ya mistari ya kati. Nahitaji kila shimo."

Alois aligeuza uso kuelekea shambani. Marsela alijifunga kanga upya kiunoni. "Mabua bado yamesimama. Niliyoyapanda mimi yameinama kidogo shinani. Nayajua. Twende."

Wakaingia shambani, jua likiwaunguza visogo. Marsela alitangulia, akigusa kila bua kwa ncha ya mguu. Alois akamfuata na kalamu, na jopo lote nyuma yake.

"Hili?" aliuliza Alois.

"Pengo."

Akaandika.

"Hili?"

"Pengo. Na linalofuata pengo."

Akaandika. Jasho lilidondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa kiganja ili tarakimu zisichafuke.

"Na hili?"

Marsela aliinama, akalitazama shina, akalitikisa kidogo ili awe na hakika.

"Hili lako, mzee."