Aseme Bila Kunitaja

Mutsinzi alikuwa anakupiga, halafu wewe ndiye unayeomba radhi. Mtaa mzima wa Biryogo ulimjua kama fundi cherehani mpole, futi shingoni, salamu kwa kila mtu. Mpole, ati!

Ijumaa ile aliisahau pasi ya makaa juu ya kanzu ya bwana harusi, akaenda barazani kubishana habari za vyama. Kanzu ikaungua mgongoni. Aliporudi akamshika mkewe, Kanyange, akamgandamizia pasi ileile mkononi mpaka ngozi ikanata kwenye chuma.

"Ona unavyonifanya nikufanye," akamwambia, machozi yakimlengalenga.

Na Kanyange, jamani, alishafungua mdomo aombe msamaha. Akaufunga. Yeye alikuwa uani akifua, kanzu hakuigusa. Akajitanda khanga, akaenda kwa baba yake, mtaa wa Remera.

Kwao, mke aliyekimbilia kwa wazazi hachukuliwi hivi hivi. Mume huja na ndugu zake, akataja kosa lake mbele ya wakwe, ndipo akabidhiwa mke. Jumapili Mutsinzi akaja na kaka zake wawili na kreti ya Fanta. Mzee Rutayisire, baba yake Kanyange, alishaamua kumrudisha binti. Aliogopa talaka kuliko kidonda.

"Nimekosa, Baba," Mutsinzi akaanza, sauti ya upole. "Ila Kanyange naye ana maneno. Alinichokoza nikiwa na kazi za watu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kanyange akaona anarudishwa kwenye ile pasi, hasira zikampanda.

"Baba, naomba aseme mkono wake ulifanya nini, bila kunitaja mimi. Akiweza, naondoka naye sasa hivi."

Mutsinzi akacheka kidogo. "Mkono wangu… uliponijibu vile…"

"Bila mimi."

"Kanyange ndiye…"

"Bila mimi, Mutsinzi."

Akajaribu tena, jasho likimtoka. Kila alikoanzia alimkuta mkewe. Mwishowe akanyakua chupa kwenye kreti, akampasua nayo paji la uso mbele ya baba yake. Kaka zake wenyewe wakamwangusha, wakamkalia.

"Mmeona?" akafoka, shavu sakafuni. "Mmeona anavyonitia wazimu?"

Mzee Rutayisire alikuwa amepiga magoti, akimfuta binti damu kwa kofia yake. Aliwaambia wale kaka wamtoe mtu wao, na kreti yao waichukue.

Ikatoka imepungua chupa moja.