Mji Usiokuwa na Milango

Siku ile nilirudi kutoka masomo ya jioni ya watu wazima nimechoka moyo kuliko mwili. Mwalimu alikuwa ametugawa wawili wawili kwa kazi ya hesabu, na alipomaliza kugawa nilibaki peke yangu. Ndivyo ilivyokuwa tangu habari za wagonjwa zilipovuja kutoka hospitali tulikotibiwa, zikazunguka katika simu za watu. Zangu zilikuwamo. Baada ya kumzika binti yangu nililazwa wodi ya wagonjwa wa akili, na wenzangu wa jumuiya ya kanisani niliwaambia kwamba nilikwenda kwa dada yangu Songea. Walipojua, hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kupita kwangu.

Sasa kesi ambayo sisi wagonjwa tuliifungulia hospitali kwa pamoja ilikuwa imemalizwa kwa makubaliano ya kulipwa fidia, na kila aliyeumizwa alitakiwa apeleke dai lake na kueleza alivyoumia. Mchana nilikuwa nimempigia simu wakili wetu, Bwana Mwaisumo.

"Na asiyepeleka?" nikamwuliza.

"Asiyepeleka, mama, anahesabiwa ameridhika. Hatadai tena. Mwisho ni kesho jioni."

"Basi mimi nimesamehe."

"Kusamehe ni kwako na Mungu wako, mama. Mimi nakuambia habari za kesho."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nimwombe Mungu anithibitishie kwamba nimesamehe kweli. Sala haikwenda mbali. Usingizi ulinikuta viwiko vikiwa juu ya godoro, nikaota.

Niliona niko katika mji mkubwa wa nyumba za matofali mekundu, na hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na mlango. Bawaba zilikuwa bado zinaning'inia kwenye miimo, zikilia kwa upepo, maana milango ilikuwa imeibwa yote. Nikaifahamu nyumba yangu bila kuonyeshwa, na bila kuambiwa nikaketi kizingitini, uso ndani na mgongo nje, nikaiziba ile nafasi kwa mwili wangu ili wapita njia wasione kitanda changu kisichotandikwa. Upepo ulinipiga mgongoni, na ndani hakukuwa na mtu wa kuniletea hata maji. Hapo akaja Aibu, mwanamke mwembamba anayenong'ona, akanifunika shuka kichwani kwa upole kama anayemhudumia mgonjwa. "Usigeuke, dada yangu," akasema. "Nyumba yako peke yake ndiyo isiyo na mlango. Ukigeuka watakujua." Nikasahau nilivyoona, nikamshukuru. Kisha nikasikia nyuma yangu hatua za mtu, na sauti tulivu kama ya msomaji wa somo kanisani: "Umebarikiwa wewe unayekaa wala husemi. Mimi ndimi Msamaha. Endelea hivyohivyo." Akaniwekea mkono kichwani, na mkono ule ulikuwa mzito, nikaona nyasi zinaanza kuota kati ya vidole vya miguu yangu.

Nilikaa hivyo mpaka mwanamke mwingine akaja akasimama. "Atuganile, unafanya nini hapo?"

"Nalinda mlango."

"Mlango upi?"

Nikapapasa mwimo, nikakuta bawaba tupu. Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mimi naitwa Kweli. Sikiliza, mwanangu. Waliotaka kuona ndani wameshaona. Mgongo wako haumzuii mtu ila wewe. Geuka."

Nikalivua shuka, nikageuka. Mtaa mzima, mpaka macho yalipokomea, ulikuwa migongo mitupu. Mgongo katika kila nafasi ya mlango, shuka juu ya kila kichwa, na kila mmoja akiamini msiba ule ni wake peke yake. Nimewahi kuwa mpweke, lakini sijawahi kuona upweke wa watu wengi kiasi kile, wakiwa wamekaribiana vile. Na yule mwenye sauti nzuri alikuwa bado anapita nyumba hata nyumba, amevaa kanzu nyeupe iliyomzidi urefu, mabega yakimwanguka, upindo ukiburuta vumbi. "Kanzu ile si yake," Kweli akasema. "Jina lake ni Ukimya. Aliiazima, akagoma kuirudisha."

Akanishika mkono, akanipeleka mpaka uwanja wa Haki, mwisho wa mtaa. Haki mwenyewe alikuwa akiwagawia watu wachache ubao mmojammoja wa kutengenezea mlango, na mzee mmoja akawa anaugeuzageuza wake. "Ubao mmoja! Nizibe nini, tundu la panya?" Wenzake wakamwambia, "Chukua, baba, angalau leo umetoka nje." Kando yao aliketi mwanamke mwenye mikono ya kazi, amejifunga khanga kuukuu. Huyo ndiye Msamaha mwenyewe, mwenye ile kanzu. Nikapiga magoti nikamwambia nimekwisha kusamehe yote.

"Yote ndiyo nini?" akauliza. "Umeniletea furushi lililofungwa, nami sijui ndani mna jiwe au mna mtoto. Lifungue. Taja ulichonyang'anywa, kisha tutasamehe pamoja, taratibu. Na huyu Haki usimpite. Ni ndugu yangu."

Nikafungua kinywa. Sauti haikutoka. Nikajikaza tena, shingo ikaniuma, na maumivu hayo ndiyo yaliyoniamsha, shavu langu likiwa juu ya godoro na kumeshakucha.

Nikakaa sakafuni, nikaelewa. Nilikuwa nimemwomba Mungu anisaidie kunyamaza, nikasema huko ndiko kusamehe. Sikuwa nimemsamehe mtu yeyote, kwa kuwa sikuwa nimekubali kwamba nimekosewa.

Nikaenda ofisini kwa wakili. Palijaa watu, kila mmoja anatazama sakafu. Zamu yangu ilipofika karani akaniuliza, "Mama, hapa kwenye madhara niandike nini?"

Nilitamani kumwambia aandike chochote.

"Andika nililazwa wodi ya wagonjwa wa akili," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nilifiwa na mwanangu. Ilikuwa siri yangu, wakaitoa. Tangu hapo hakuna anayeketi nami."

Karani akaandika. Kisha mwanamume mmoja nyuma yangu akakohoa.

"Wodi ile ya ghorofani?"

"Ndiyo."

"Na mimi nililala pale," akasema. "Uji wao, dada, ulikuwa adhabu."

Mtu akacheka. Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi la ukutani akanitazama, akasogeza mkoba wake. Nikakaa.