Karatasi ya Gego

Gego la Zipora liling'olewa Jumatatu, na kufika Alhamisi shimo lake liliuma kuliko gego lenyewe lilivyowahi kuuma. Maumivu yalipanda sikioni, yakashuka shingoni, taya likagoma kufunguka. Hata wimbo wa kumbembeleza Pantaleo, mwanawe wa miezi saba, ulimtoka kama mvumo wa nyuki mzingani.

Kilichomkera zaidi ni kwamba alijua. Mganga wa zahanati alimpa karatasi, naye Zipora akamsomea mama mkwe wake, Bi Melania, neno kwa neno: usisukutue siku ya kwanza, damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda.

"Karatasi imezaa watoto wangapi?" Bi Melania alicheka. "Damu mbaya ikibaki humo itakuozesha. Sukutua, mwanangu, uteme mpaka mate yawe meupe."

Nani anabishana na mayu, mama wa mumewe? Zipora akasukutua dawa ya mizizi, kibuyu kizima.

Ijumaa mganga alichungulia, akaguna. "Mfupa uko wazi. Ulisukutua?"

Akainamisha kichwa. Akasafishwa, akajazwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu, akapewa karatasi nyingine.

Na Jumamosi ndiyo mtihani wa kisomo cha jioni! Miaka miwili alisoma, mtoto tumboni, kisha mgongoni. Atakayefaulu kusoma kwa sauti atachukuliwa kuwafundisha kina mama wenzake.

"Soma," alisema Mwalimu Marcel.

Ukatoka udenda na mkoromo.

"Sikusikii, Mama Pantaleo."

Akarudia. Machozi ya hasira yakamlenga. Maneno yote anayaona, yamejipanga pale, na mdomo umefungwa kama duka lililoishiwa sukari.

Mlangoni Bi Melania, mjukuu mgongoni, akakohoa. "Mwalimu, huyu anajua. Alinisomea karatasi yote ya mganga. Mimi ndiye niliyekataa."

"Mama, kwenye fomu hakuna nafasi ya mama mkwe."

Darasa likaangua kicheko. Bi Melania hakucheka. "Basi iweke."

Mwalimu akakuna kichwa. "Fomu zinaondoka Jumatano. Njoo Jumanne jioni. Taya lisipofunguka, tuonane mwakani."

Siku tatu tu! Nyumbani Bi Melania akachukua kibuyu chake kama kawaida, kisha akasita.

"Hii karatasi mpya inasemaje?"

Zipora akafungua fundo la kanga, akasoma huku meno yamebanana, silabi moja moja, kila moja ikimchoma. Bi Melania alimwinamia karibu, sikio limetegwa, asipitwe na hata moja. Alipomaliza, mayu akatoka nje, akakimwaga kibuyu chote kwenye shina la mpapai.