Viboko Vitatu vya Ijumaa Kuu

Kila Ijumaa Kuu, maandamano yakiisha, watoto wa kijiji chetu cha misheni hapa Chiquitos hupiga magoti mbele ya wazee wa baraza. Huchapwa viboko vitatu, hubusu mkono uliowachapa, kisha wao na wazazi wao husema asante. Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu Nélida, wa miaka mitano, na mchapaji alikuwa baba yangu, mzee Asencio Chuvé.

"Baba, huyu mwache," nilimwambia mlangoni pa kanisa. "Kiboko hiki kililetwa na mapadri wa Kihispania. Waliwachapa babu zetu waliotoroka kurudi msituni. Tumeyasoma hayo shule ya jioni."

"Ahaa, mwalimu kafika!" wazee wakacheka.

Baba hakucheka. "Mimi nilichapwa, na wewe nilikuchapa. Umekufa?"

"Sikufa, baba. Ila mpaka leo mtu akinionea, mimi ndiye ninayeomba radhi."

Akakishusha kiboko. Nikadhani nimeshinda, nikamshika Nélida mkono tuondoke.

"Mwoga! Mwoga!" wenzake wakamzomea.

Nélida akauchomoa mkono wake, akakimbia, akapiga magoti mwenyewe. Baba akanitazama, kisha akamchapa taratibu, moja, mbili, tatu. Mwanangu akaubusu ule mkono.

"Asante, babu."

Alinirudia macho yamejaa machozi, uso unang'aa kwa fahari. "Mama, umeona? Sikulia!"

Nilimkumbatia. Nilitaka kumwambia kwamba kulia ni ruhusa, lakini wazee wote walikuwa wananisubiri. Nikainama.

"Asante, baba," nikasema.